Sauti ya kifaa cha kutambua metali ina maana gani?

Wakazi wa Garsen wanaotumia vifaa vya kutambua metali wanashauriwa kuzielewa sauti zake kabla ya kuchimba.

Katika vifaa vingi, chuma hutoa sauti nzito, nayo fedha na shaba hutoa sauti nyembamba. Pete ndogo ya dhahabu na kipande cha karatasi ya alumini huweza kutoa sauti moja ya katikati. Kwa hivyo sauti hukisia tu, haithibitishi. Jizoeze nyumbani kwa kupitisha kifaa juu ya msumari, sarafu na karatasi ya alumini.

Kichujio nacho hunyamazisha chuma ili mtumiaji asisumbuliwe na misumari. Hapo ndipo penye hatari: bomu lenye ganda la chuma pia huweza kunyamazishwa. Kimya si usalama. Ukiona kitu cha kutiliwa shaka, usikiguse. Ondoka na upige simu 999.

Aidha, kutafuta vitu vya kale ardhini, kama katika magofu ya Ungwana karibu na Kipini, kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006.