Somo: Programu Iliyofichwa Ndani ya Nyingine

Programu ya kompyuta ipakuliwayo bure kutoka kwenye intaneti pengine huja na nyingine ndani yake, isiyoombwa. Ipo ioneshayo matangazo tu; ya hatari zaidi ni ile ya ujasusi, ambayo hunakili kila herufi inayobonyezwa, pamoja na nywila ya akaunti ya chama, na kuipeleka kwa mtu asiyejulikana.

La kusikitisha ni kwamba mara nyingi mwenye kompyuta huwa ameridhia. Mwaka 2002 iligundulika kuwa Kazaa, programu ya kubadilishana nyimbo, ilikuja na programu ya kampuni ya Brilliant Digital. Maandishi marefu ya masharti yaliipa kampuni hiyo haki ya kutumia nguvu na nafasi ya kompyuta isiyotumika. Katibu asiyethubutu kutia sahihi hati ya mkopo kabla ya kuisoma, hubonyeza “Nakubali” bila kusita!

Programu na ichukuliwe kwa mtengenezaji wake, na alama zilizokwisha kutiwa kwenye visanduku vya programu za ziada ziondolewe. Kompyuta yenye daftari la wanachama na hesabu za mazao isitiwe michezo. Kamati nayo iamue ni nani mwenye ruhusa ya kuingiza programu, na uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu za mkutano.