Kompyuta Kuukuu: Iongezewe Vipuri au Ibadilishwe?

Na ichukuliwe kwa mfano shule ya sekondari yenye kompyuta 10 za mezani, kila moja ikiwa na umri wa miaka 10 hivi. Darasa lina wanafunzi 40, na kipindi kina dakika 40. Kompyuta zinapowashwa, dakika kadhaa hupita kabla hazijawa tayari, na kila programu inapofunguliwa wanafunzi hukaa wakitazama alama ya kusubiri. Bodi ya shule imetenga fedha zinazotosha kununua kompyuta mpya 2 tu. Je, zinunuliwe hizo 2, au fedha hizo zitumike kuzifufua zile 10?

Zikinunuliwa 2, wanafunzi 20 watagombea kila kompyuta iliyo nzima. Vikinunuliwa vipuri ovyo, huenda fedha zote zikazikwa katika mitambo iliyokwisha kufa. Kwa hiyo suala hili si la fundi peke yake. Ni suala la kisayansi, na kama yalivyo masuala mengi ya kisayansi, hapana budi lianze kwa kipimo.

Karani, meza na kabati

Ili kuelewa chanzo cha uzito wa kompyuta, yafaa kuzitazama sehemu 3 zinazoshirikiana katika kila kazi. Ya kwanza ni prosesa, ambayo hufanya hesabu na kutekeleza amri. Ya pili ni kumbukumbu ya muda, iitwayo RAM, ambamo hukaa programu na data zinazotumika wakati huo. Umeme ukikatika, yote yaliyomo hupotea. Ya tatu ni diski, ambamo mambo yote huhifadhiwa hata kompyuta ikiwa imezimwa. Sehemu hizi huunganishwa na ubao mama.

Prosesa yaweza kulinganishwa na karani, kumbukumbu na meza yake, na diski na kabati la mafaili. Karani hufanya kazi haraka ikiwa faili li mezani. Likiwa kabatini, hana budi kuinuka kulifuata, na wakati huo wote kalamu yake imelala.

Tofauti ya muda kati ya meza na kabati ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka, nayo kwa kawaida huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Kwa wastani, data inayotafutwa iko nusu ya mzunguko mbali, kwa hiyo hungojewa milisekunde 4.2. Mkono wa kusomea nao huchukua milisekunde 9 hivi kufika kwenye mstari unaotakiwa. Jumla ni milisekunde 13 hivi kwa kila data inayofuatwa. Diski ya elektroniki, isiyo na kitu kinachozunguka, hujibu kwa muda ulio karibu na milisekunde 0.1. Kumbukumbu hujibu kwa nanosekunde 100 hivi, yaani milisekunde 0.0001.

Tarakimu hizi ni ndogo mno kwa akili ya mwanadamu, basi na zikuzwe. Kama kumbukumbu ingejibu baada ya sekunde 1, diski ya elektroniki ingejibu baada ya dakika 17 hivi, na diski inayozunguka ingejibu baada ya saa 36. Karani anayeagiza faili asubuhi ya leo angeletewa kesho usiku.

Kanuni ya Amdahl

Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alieleza jambo ambalo baadaye lilipewa jina lake. Kwa maneno mepesi, kanuni hiyo yasema kwamba faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi haiwezi kuzidi muda uliokuwa ukitumiwa na sehemu hiyo.

Na ichukuliwe kwamba kompyuta moja ya shule ile huchukua sekunde 120 kuwa tayari. Katika hizo, sekunde 90 ni za kuingojea diski, 20 ni za hesabu za prosesa, na 10 ni za mambo mengine. Ikiwekwa prosesa yenye kasi maradufu, zile 20 zitakuwa 10, na jumla itakuwa sekunde 110. Hata ingepatikana prosesa isiyohitaji muda wowote, jumla isingeshuka chini ya sekunde 100. Lakini ikiwekwa diski yenye kasi mara 10, zile 90 zitakuwa 9, na jumla itashuka hadi sekunde 39.

Kwa lugha ya hisabati, ikiwa p ni sehemu ya muda inayoharakishwa, na n ni idadi ya mara inazoharakishwa, basi kasi ya kazi nzima huongezeka mara

1 ÷ [(1 − p) + p/n]

Kwa diski, p ni 0.75 na n ni 10, na jibu ni 3.08. Kwa prosesa, p ni 1/6 na n ni 2, na jibu ni 1.09 tu. Huenda prosesa ndiyo kipuri chenye bei kubwa zaidi kati ya hivyo viwili, lakini katika mfano huu ndiyo yenye faida ndogo.

Ikumbukwe pia kwamba baada ya diski kubadilishwa, uwiano hubadilika. Katika sekunde 39 zilizobaki, 20 ni za prosesa. Mlango uliokuwa mwembamba umepanuliwa, na mwembamba sasa ni mwingine. Ndiyo maana kipimo hurudiwa baada ya kila badiliko.

Kupima kabla ya kununua

Vyombo vya kupimia vimo ndani ya kompyuta yenyewe. Katika Windows, vibonye vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha jinsi prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Katika Linux, amri ya top hutoa habari za namna hiyo. Mwalimu afanye kazi ya kawaida ya darasa huku akiziangalia tarakimu hizo.

Ikiwa diski inatumika kwa asilimia 100 huku prosesa ikitumika kwa asilimia 10, karani anangojea kabati. Ikiwa prosesa ndiyo iliyofika asilimia 100 kwa muda mrefu, karani amezidiwa na kazi. Na ikiwa kumbukumbu imejaa, jambo la tatu hutokea, nalo lahitaji maelezo.

Mwaka 1962 kompyuta ya Atlas, iliyotengenezwa Manchester huko Uingereza, ilianza kutumia mbinu ya kuifanya hifadhi ya nje ionekane kama sehemu ya kumbukumbu. Mbinu hiyo hutumika hadi leo: meza ikijaa, baadhi ya mafaili hurudishwa kabatini kwa muda. Lakini meza ikiwa ndogo kupita kiasi, karani hushinda akirudisha na kuleta, asipate kuandika lolote. Mmarekani Peter Denning aliichambua hali hiyo mwaka 1968. Katika hali hii taa ya diski huwaka bila kupumzika, na mtazamaji hudhani kwamba diski ndiyo mbovu, kumbe kumbukumbu ndiyo haba. Kwa hiyo kiasi cha kumbukumbu kichunguzwe kwanza, kabla diski haijalaumiwa.

Yako pia matatizo yasiyohitaji kipuri chenye gharama kubwa. Vumbi likiziba feni, prosesa hupata joto na hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Brashi laini yatosha kuliondoa. Programu nyingi zinazojifungua zenyewe asubuhi zaweza kuzuiwa. Na kompyuta inayosahau tarehe kila inapozimwa, hata ikashindwa kufungua kurasa za intaneti kwa sababu tarehe yake ni ya kale, mara nyingi inadai betri ndogo ya volti 3 tu.

Vipuri hulingana na umri

Si kila kipuri huingia katika kila kompyuta. Kumbukumbu za aina ya DDR3 zina miguu 240, na za aina ya DDR4 zina 288. Nafasi ya pengo lao nayo ni tofauti, na moja haiwezi kuingia mahali pa nyingine. Vilevile, mfumo endeshi wa biti 32 una anwani 4,294,967,296 tu, ambazo ni gigabaiti 4. Windows za kawaida za biti 32 hazivuki mpaka huo, na kuziongezea kumbukumbu zaidi ni kupoteza fedha.

Diski ya elektroniki ya aina ya SATA ina fadhila moja: kompyuta ikifa, yaweza kuhamishiwa katika nyingine. Prosesa na kumbukumbu za aina ya kale hazina fadhila hiyo, kwani kompyuta mpya hazizipokei.

Uko mpaka mwingine usioondolewa na diski. Masahihisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 yadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha maalumu; kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla huanza na kizazi cha 8, kilichotokea mwaka 2017. Kompyuta iliyo nje ya orodha bado yaweza kufanya kazi kwa mfumo wa Linux, ambao aina zake nyingi hupatikana bila malipo. Basi kabla ya kununua lolote, mwalimu ahakikishe kwamba programu za masomo zinafanya kazi katika mfumo huo.

Hesabu ya shule

Na irudiwe shule ile. Bei ya kompyuta mpya moja ichukuliwe kuwa 100, ili hesabu ifae popote. Fedha zilizopo ni 200. Uchunguzi waonyesha kwamba kompyuta 2 zina kapasita zilizovimba kwenye ubao mama. Hizo zisiongezewe kitu, bali kumbukumbu zao zitolewe zisaidie nyingine za aina ile ile. Zimebaki 8. Diski moja ikigharimu 10, zote ni 80. Kila moja yahitaji kipande 1 cha kumbukumbu. 2 vimepatikana, na 6 vya kununua kwa 5 kila kimoja ni 30. Jumla ni 110, na salio ni 90. Badala ya wanafunzi 20, sasa 5 watatumia kompyuta 1.

Hata hivyo, fedha zote zisitolewe kwa siku moja. Inunuliwe kwanza diski 1, iwekwe katika kompyuta 1, na nyingine ya aina ile ile iachwe kama ilivyo kwa kulinganisha. Zote mbili ziwashwe pamoja, na wanafunzi wapime muda kwa saa, mara 5, kisha watafute wastani. Tofauti ikiwa kubwa, zinunuliwe zilizobaki. Ikiwa ndogo, shule imepoteza 10 badala ya 110.

Kabla ya kazi hiyo, data zote zinakiliwe mahali pengine. Waya wa umeme uchomolewe, na fundi aguse chuma cha kasha ili umemetuli wa mwilini utoke. Kisanduku cha kugawa umeme kisifunguliwe kamwe, maana kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwashi hodari hutazama kwanza kama msingi ungali imara. Ikiwa vipuri vinavyotakiwa vinakaribia nusu ya bei ya kompyuta nyingine iliyo bora, au ubao mama una ugonjwa, huo si ufa tena.

Maswali ya mazoezi

1. Diski huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Tafuta wastani wa muda wa kungojea nusu ya mzunguko.

2. Kazi moja huchukua sekunde 60, na 45 kati ya hizo ni za prosesa. Diski ikiharakishwa mara 10, muda mfupi kabisa unaoweza kubaki ni upi? Je, ungeshauri diski inunuliwe?

3. Katika mfano wa shule, kompyuta 5 zingekuwa na ubao mama mbovu. Fanya hesabu upya, kisha toa ushauri kwa bodi kwa maneno yasiyozidi 100.