Dondoo muhimu: Sifa za diploma kwenye CV ya Kiingereza

Unaomba kazi kwenye migodi ya Kolwezi ukiwa Kamina, na diploma yako ni ya Kifaransa? Usiandike "honourable mention" kwa sababu tu karatasi ina neno "mention". Kwa Kiingereza hiyo ni pongezi ya aliyesifiwa bila kupata zawadi, kwa hiyo msomaji atadhani ulishindwa kidogo tu. "Distinction" au "Grande Distinction" iache ilivyo, weka asilimia kando yake. Kujipachika "cum laude" ya Kilatini isiyo kwenye diploma ni ujanja mbaya. Mwajiri anaweza kuomba diploma yenyewe. Diplôme d'État ya sekondari pia ibaki na jina lake, pamoja na asilimia na mwaka.

Zawadi halisi ina maneno yake. Denis Mukwege na Nadia Murad walipewa Nobel ya Amani mwaka 2018: hapo ni "were awarded".

Ukiandika pia shukrani kwa Kiingereza, mtu hufuata "to", kazi yake hufuata "for": "special thanks to" mwalimu fulani, "for" msaada wake. Na kwenye tahajia, ukianza na "honour" ya Uingereza, usimalizie na "honor" ya Marekani.