Kasimele, Chicha na Mfuko wa Mwenyeji: Lugha ya Mapishi katika Utalii wa Pwani ya Kenya

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Makala haya yanachunguza ni lini mwenyeji hupona kweli katika utalii wa vyakula wa Pwani ya Kenya, na yanadai kuwa lugha ya mapishi ni sehemu ya jibu.

Faida ya utalii huu ni bayana. Mgeni anayekula mahamri kwa mbaazi mjini Mombasa au Lamu humlipa mpishi, lakini fedha zake haziishii hapo. Humfikia pia mkwezi aliyeangua nazi, mkulima wa mbaazi na fundi asukaye vifumbu. Mlo wa viambato vilivyoagizwa kutoka ng'ambo hauna mkondo huo.

Hata hivyo, urithi huweza kuuzwa bila jina lake. Katika hoteli moja ya ufuoni nilisoma orodha ya vyakula ya Kiingereza pekee, ambamo mbaazi za nazi ziliitwa maharagwe tu. Mgeni aliyezipenda hangeweza kuziulizia kwa mama azipikaye kando ya barabara. Jina lilipopotea, mteja naye alipotea.

Tuchukue mfano wa nazi. Hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu. Tui zito la kwanza ni kasimele; linalofuata ni jepesi; mabaki ni chicha. Mbaazi huchemshiwa tui jepesi, kisha kasimele hutiwa mwishoni na kukorogwa isije ikakatika. Ni dhahiri kwamba msamiati huu si pambo, bali ni maelekezo ya kazi. Asiyetofautisha matui hayo ataharibu mchuzi.

Kenya imekwisha kuonyesha njia. Katika juhudi zilizoanza mwaka 2007, mimea asilia ipatayo 850 iliorodheshwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Mwaka 2021, UNESCO ilizitambua juhudi hizo za kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano bora wa kuigwa.

Kwa kuhitimisha, methali kwamba kizuri chajiuza haitoshi hapa: kizuri kisicho na jina huuzwa na mwingine. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuyakusanye majina haya kutoka kwa wapishi wenyewe, kisha tuwasaidie kuyaandika, pamoja na maelezo, katika orodha zao. La sivyo, mgeni atakuja, atakula, atashiba, na mwenyeji asipone.