Dawa si yake: nimlalamikie nani?

Swali: Famasi ilimpa mama dawa ya kisukari badala ya ya presha. Nikienda Baraza la Famasi, nitalipwa fidia?

Jibu: Pole kwa mama. Fidia ni ya mahakama. Baraza, chini ya Sheria ya Famasi ya 2011, huchunguza mwenendo wa mtaalamu. Peleka malalamiko kwa maandishi pamoja na cheti cha dawa, risiti na, zaidi ya yote, pakiti yenyewe. Wengi huitupa kwa hasira, ushahidi ukaenda nayo! Naye mlalamikiwa lazima asikilizwe. Akithibitika kukosa, anaweza kuonywa, kusimamishwa, hata kufutwa kwenye rejista. Kama shaka yako ni ubora wa dawa, hilo ni la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania (TMDA).