Kutoka Feleji hadi Polithini: Dhana ya Ulikaji katika Mabomba ya Maji ya Kupoza Vinu vya Nyuklia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza sababu zilizovifanya baadhi ya vituo vya umeme wa nyuklia nchini Marekani kuondoa mabomba ya feleji yaliyoliwa na kutu na kuweka ya plastiki mahali pake. Hoja kuu ni kwamba badiliko hilo halikufuta udhaifu, bali liliuhamisha kutoka kwenye ukuta wa bomba hadi kwenye kiungo. Makala yanaonyesha pia kuwa Kiswahili kina maneno ya kutenganisha aina hizi mbili za udhaifu, mradi mtumiaji awe makini na kauli za vitenzi.

1.0 Utangulizi

Kinu cha nyuklia hakizimiki kama taa. Mpasuko wa viini vya atomi ukishasimamishwa, mabaki yake huendelea kutoa joto. Kinu chenye nguvu ya joto ya megawati 3,000 hubaki na takriban megawati 200 punde tu baada ya kuzimwa, na joto hilo hupungua kwa saa, siku na miezi. Lisipoondolewa, fueli huyeyuka. Ulimwengu ulishuhudia jambo hilo Fukushima, Japani, Machi 2011. Huko mabomba hayakuwa na kosa: tsunami iliharibu pampu na vyanzo vya umeme, maji yakakosa kuzunguka, na fueli ya vinu vitatu ikayeyuka. Funzo lililobaki ni kwamba usalama wa kinu hutegemea maji yanayotiririka.

Maji yanayozungumziwa hapa si yale yanayogusa fueli. Ni maji ya mto, ziwa, bwawa au bahari ambayo huvutwa kwa pampu, hupitishwa kwenye mabomba yaliyofukiwa ardhini, hupokea joto kutoka kwa mitambo ya ndani na jenereta za dharura, kisha hurudishwa nje. Ni maji ghafi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

2.0 Dhana ya Ulikaji

Istilahi ‘ulikaji’ imejengwa juu ya kitenzi -la. Mzizi -l- umepokea kiambishi cha kauli ya kutendeka, -ik-, tukapata -lika, kisha nomino ‘ulikaji’. Mnyambuliko huu unastahili kutazamwa kwa makini. Tukisema ‘chuma kimeliwa na kutu’, tumetumia kauli ya kutendwa, nayo ina nafasi ya mtenda. Tukisema ‘chuma kimelika’, mtenda ametoweka na yaliyobaki ni matokeo tu. Ulikaji, kwa hiyo, ni jina la hali. Halimtaji mlaji. Mhandisi hana budi kurudi kwenye kauli ya kutendwa na kuuliza: kimeliwa na nini?

Katika mabomba ya feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni, walaji ni zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni oksijeni iliyoyeyuka katika maji. Hiyo huungana na chuma na kuzaa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana ndani ya bomba kuukuu huota vinundu. Bomba huwa limepata madhara mawili kwa pamoja: ukuta umekonda na njia ya maji imekuwa nyembamba. Laweza kuwa halijatoboka hata mahali pamoja na bado likashindwa kupitisha kiasi cha maji kinachohitajika wakati wa dharura.

Mlaji wa pili ni bakteria. Baadhi yao huishi chini ya matope na vinundu, mahali pasipofika oksijeni, na kutoa kemikali zinazochimba mashimo madogo yenye kina. Hapa pana kinaya. Mabomba ya dharura hukaa muda mrefu maji yakiwa yametulia, kwa kuwa dharura ni nadra. Na utulivu huo ndio bakteria wautakao. Bomba linalotumiwa kwa nadra ndilo linaloweza kuliwa upesi. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na kwa bomba mlaji huyu kweli yumo ndani.

Mlaji wa tatu yuko nje. Bomba lililofukiwa hupakwa ngozi ya kulikinga dhidi ya unyevu na chumvi za udongo. Ngozi hiyo ikibanduka mahali, chuma huanza kulika pale pale, na hakuna aonaye mpaka ardhi ichimbuliwe.

3.0 Polithini kama Mbadala

Plastiki iliyochaguliwa ni polithini ya densiti kubwa. Polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani akapata njia ya kuitengeneza kwa shinikizo dogo, minyororo ya molekuli ikawa imenyooka na kusongamana zaidi. Kabla ya kuingia katika vituo vya nyuklia, mabomba ya aina hii yalikuwa yametumika kwa miaka mingi kusafirisha gesi na maji mijini.

Kituo cha Catawba, jimbo la South Carolina, kilianza kuyatumia mwishoni mwa miaka ya 1990 katika sehemu zisizo na dhima ya usalama. Hatua kubwa ilipigwa na kituo cha Callaway, jimbo la Missouri, ambacho kilianza kuzalisha umeme kibiashara mwaka 1984. Mwaka 2008 Tume ya Kudhibiti Nyuklia ya Marekani ilikiruhusu kubadilisha mabomba ya feleji yaliyofukiwa ya mfumo wa maji muhimu, na kuweka ya polithini yenye kipenyo cha inchi 36, yaani takriban sentimita 91. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nchini humo kwa plastiki kukabidhiwa kazi hiyo katika mfumo wenye dhima ya usalama.

Sifa za polithini ni dhahiri. Haishiki kutu. Bakteria wanaokula feleji hawapati cha kula. Uso wake wa ndani ni laini na hubaki laini, hivyo maji hupita bila kizuizi. Ni nyepesi kiasi cha kuelea majini, na hujipinda kidogo ardhi inapotikisika.

Hata hivyo, si dawa ya kila ugonjwa. Joto huipunguzia nguvu, kwa hiyo hutumiwa pale tu ambapo maji hayafikii joto kali. Hutanuka kwa joto zaidi ya mara 10 kuliko feleji. Huungua, na ndiyo sababu moja ya kuifukia ardhini. Tena, ikibebeshwa mzigo kwa miaka mingi hunyooka polepole, na mkwaruzo uliopatikana siku ya kuwekwa waweza kukua ukawa ufa.

4.0 Kiungo: Kuungana na Kushikana

Mabomba ya polithini hayachomelewi kama feleji. Ncha mbili hukwanguliwa zikawa safi na sawasawa, hukandamizwa kwenye bamba lenye joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi hadi ziyeyuke, bamba huondolewa upesi, kisha ncha hukutanishwa kwa shinikizo na kuachwa zipoe. Kazi ikifanywa vyema, molekuli za upande mmoja huingiliana na za upande wa pili, na mpaka baina yao hutoweka.

Iwapo vumbi limeingia, au ncha zimepoa kabla ya kukutana, kiungo huonekana kamili kwa nje ilhali ndani hakuna mwingiliano wa kutosha. Kiswahili kina maneno mawili ya kutenganisha hali hizi. Vitu vilivyoungana vimekuwa kitu kimoja. Vilivyoshikana vinaweza kuachana. Kiungo kibovu kimeshikana, hakijaungana. Shida ni kwamba mawimbi ya sauti yanayotumiwa kupima viungo hutambua pengo kwa urahisi kuliko yanavyotambua mshikamano dhaifu usio na pengo. Ndiyo maana masharti ya kazi hii yalikazia mafunzo ya mafundi, kumbukumbu za joto na shinikizo la kila kiungo, na majaribio ya kuvuta vipande mpaka vikatike. Katika feleji mkaguzi hufuatilia ukuta kwa miaka. Katika polithini sehemu kubwa ya usalama huamuliwa katika dakika chache za kuunga.

5.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa swali la msingi si kama plastiki ni bora kuliko chuma. Swali ni: kila kimoja hudhurika vipi, na nani analinda mahali hapo? Feleji hulika, polithini huachana au hupasuka. Anayetumia neno moja, ‘kuharibika’, kwa yote mawili huficha jambo ambalo msikilizaji anahitaji kulijua.

Jambo hili si la Marekani pekee. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa serikali wa kujenga kituo cha nyuklia katika eneo lao la pwani. Mwananchi anayeombwa kukubali au kukataa mradi kama huo ana haki ya kuelezwa, kwa lugha ya taifa iliyotambuliwa pia kuwa lugha rasmi katika Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, maji ya kupoza yatapita wapi, ndani ya bomba gani, na bomba hilo litakaguliwaje. Asiyeelezwa hawezi kuuliza kimeliwa na nini. Wajibu wa kuyaandaa maelezo hayo hauwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta.