Kwa Nini Mbunifu Majengo Husajiliwa?
Mpangaji wa ghorofa ya nne hawezi kujua, kwa kutazama ukuta uliopakwa rangi, kama ngazi zitawatosha wote siku ya moto. Kwa hiyo sheria humpima mbunifu kabla hajachora ramani. Nchini Marekani, jimbo la Illinois lilikuwa la kwanza, mwaka 1897. Sheria ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1931, hata leo hulinda jina tu: asiyesajiliwa aweza kuchora nyumba, ila asijiite mbunifu majengo. Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2010, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi husajili wanataaluma na kusimamia mwenendo wao. Mwanafunzi, jiulize: ni lipi limlindalo mpangaji zaidi, kulinda jina au kulinda kazi yenyewe?